Wenye viwanda na wanazuoni katika meza moja: Historia ya Kituo cha Pew

MWEZI Mei mwaka 1998, miezi mitano baada ya mataifa kuafikiana kuhusu Itifaki ya Kyoto, taasisi mpya isiyo ya kiserikali ilianza kazi katika mji wa Arlington, jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto kutoka jiji la Washington. Iliitwa Kituo cha Pew cha Mabadiliko ya Tabianchi Duniani. Fedha zake zilitoka katika mfuko wa hisani wa familia ya Pew, warithi wa mwasisi wa kampuni ya mafuta ya Sun Oil.

Kilichowashangaza wengi ni orodha ya waliokubali kukaa upande wake: kampuni 13, zikiwamo Boeing, Toyota, BP, Lockheed Martin, Whirlpool na American Electric Power, shirika la umeme lililokuwa miongoni mwa wachomaji wakubwa wa makaa ya mawe nchini Marekani.

Ili kuuelewa uzito wa orodha hiyo, ikumbukwe hali ya wakati ule. Julai 1997 Baraza la Seneti la Marekani lilikuwa limepitisha, kwa kura 95 bila hata moja ya kupinga, azimio la kuitaka serikali isitie saini mkataba wowote utakaoziacha nchi zinazoendelea bila wajibu wa kupunguza gesijoto. Kampuni za mafuta, makaa ya mawe na magari zilikuwa na umoja wao, uliojulikana kwa kifupi GCC, ulioundwa mwaka 1989 na kutumia fedha nyingi kuwatia watu shaka juu ya ushahidi wa wanasayansi. Umoja huo ulikuja kuvunjika mwaka 2002, lakini mwaka 1998 bado ulikuwa na nguvu.

Mtu aliyekabidhiwa kituo hicho alikuwa Eileen Claussen, aliyekuwa naibu waziri mdogo wa mambo ya nje aliyeshughulikia bahari, mazingira na sayansi. Claussen aliwahi pia kuuongoza mfuko wa Itifaki ya Montreal, unaozisaidia nchi zinazoendelea kuachana na kemikali zinazotoboa tabaka la ozoni. Huko yalikuwapo mafunzo ya kutosha. DuPont, mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa kemikali hizo, ilipinga vikwazo kwa miaka, kisha Machi 1988 ikatangaza kuwa itaacha kabisa kuzitengeneza. Mwenye kiwanda aliyeshawishika aliweza kuharakisha mambo kuliko waandamanaji elfu.

Ushauri bila fedha

Kampuni zile 13 ziliwekwa katika baraza la ushauri, mbali na bodi ya wakurugenzi yenye mamlaka. Kujiunga kulikuwa na masharti ya imani: kampuni ilipaswa kukubali hadharani kwamba sayansi imekwisha kusema ya kutosha kuhalalisha hatua, kwamba wafanyabiashara wanaweza na wanapaswa kupunguza gesijoto zao, kwamba Kyoto ni hatua ya kwanza, na kwamba uchumi unaweza kukua huku hayo yakifanyika. Sharti la nne ndilo lililowavuta wengi.

Palikuwa na sharti jingine, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo lililokuwa bora kuliko yote: wanachama wa baraza hawakutoa hata senti moja kwa kituo. Walishauri, walisikilizwa, lakini hawakulipa. Mkosoaji aliyetaka kudai kuwa ripoti fulani imenunuliwa hakuwa na risiti ya kuonyesha.

Nazo ripoti ziliandikwa na wanazuoni wenye majina. Tom Wigley aliandika juu ya sayansi ya tabianchi mwaka 1999. John Weyant wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka 2000 kwa nini wachumi wanapokadiria gharama ya kupunguza gesijoto hupata majibu yanayopishana sana. Mwaka 2003 Denny Ellerman na Paul Joskow wa chuo cha MIT, pamoja na David Harrison, walipima uzoefu wa Marekani katika biashara ya vibali vya kutoa hewa chafu. Mwaka uliofuata Camille Parmesan wa Chuo Kikuu cha Texas, akishirikiana na Hector Galbraith, alikusanya ushahidi wa mimea na wanyama wa Marekani ambao tayari walikuwa wakibadili makazi na majira yao.

Baadhi ya kampuni zilitenda. BP iliahidi mwaka 1998 kushusha gesijoto zake kwa asilimia 10 chini ya kiwango cha 1990 ifikapo 2010, ikafika huko miaka minane mapema. DuPont, iliyojiunga baadaye, ilivuka lengo lake la asilimia 65, hasa kwa kuizuia oksidi ya nitrasi iliyotoka katika utengenezaji wa malighafi ya nailoni. Si wote waliokuwa wa kujivunia. Miongoni mwa waasisi wa baraza ilikuwamo Enron, iliyoanguka kwa kashfa Desemba 2001.

Mtihani wa sheria

Januari 2007 kituo, mashirika mengine matatu ya mazingira na kampuni 10 waliunda ushirika ulioitwa USCAP, wakalitaka Bunge lipunguze gesijoto za nchi kwa asilimia 60 hadi 80 ifikapo 2050. Juni 26, 2009 Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada wenye sura hiyo kwa kura 219 dhidi ya 212. Hapo ndipo urafiki ulipopimwa. Kampuni za umeme za PG&E na Exelon, zote wanachama wa baraza, zilijitoa katika chama kikuu cha wafanyabiashara cha Marekani kwa sababu chama hicho kilipinga sheria ya tabianchi. Nyingine zilibaki kotekote, mguu mmoja huku na mwingine kule. Februari 2010 BP, Caterpillar na ConocoPhillips ziliuacha ushirika wa USCAP. Julai mwaka huo viongozi wa Seneti waliuweka muswada kando, na haukufufuka.

Fedha mpya, jina jipya

Ufadhili wa Pew nao ulifikia mwisho. Novemba 2011 kituo kilibadili jina na kuwa Kituo cha Ufumbuzi wa Tabianchi na Nishati, kwa kifupi C2ES. Miongoni mwa wafadhili wakuu wapya walikuwamo Shell, HP na kampuni ya umeme ya Entergy. Ukuta uliotenganisha ushauri na hundi ukawa umeondoka. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Theodore Roosevelt IV, mtu wa benki na kitukuu cha rais aliyesifika kwa kuhifadhi misitu. Alikuwa Lehman Brothers hadi ilipofilisika mwaka 2008, kisha akaenda Barclays. Claussen alimwachia kiti Bob Perciasepe mwaka 2014, na mwaka 2021 akafuata Nathaniel Keohane, mchumi aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Yale.

Meza ile bado ilikuwa na kazi. Mwaka 2017, Rais Donald Trump alipokaribia kutangaza kuiondoa Marekani katika Mkataba wa Paris, C2ES iliratibu barua ya wazi ya kampuni 25, zikiwamo Apple, Google na Microsoft, iliyochapishwa kwa ukurasa mzima magazetini ikimwomba abaki. Juni 1 mwaka huo alitangaza kujitoa. Nchi ilirejea katika mkataba mwaka 2021, na Januari 20, 2025, siku ya kuapishwa kwake upya, Trump alitia saini amri ya kuiondoa tena.