Upanuzi wa Kikosi cha Nyambizi cha Australia

Upanuzi wa kikosi cha nyambizi cha Australia ni mpango wa muda mrefu wa jeshi la majini la nchi hiyo kuondoa nyambizi zake sita za dizeli na umeme za aina ya Collins na kuwa na nyambizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia.

Chanzo

Nyambizi za Collins ziliundwa Osborne, Adelaide, kwa usanifu wa kampuni ya Kockums ya Uswidi. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1996 na ya mwisho 2003. Mwaka 2009 serikali ilitangaza kuwa zitakazozirithi zitakuwa 12. Hata hivyo, miaka hiyo mabaharia waliokuwepo walitosha kuendesha tatu tu kati ya sita.

Mwaka 2016 Ufaransa ilizishinda Japani na Ujerumani katika zabuni ya kuunda hizo 12, kwa makadirio ya dola bilioni 50 za Australia. Septemba 2021 Australia iliuvunja mkataba huo ili kujiunga na AUKUS, ushirikiano wa kiulinzi na Uingereza na Marekani, na Paris ikawaita nyumbani mabalozi wake wa Canberra na Washington. Mwaka uliofuata Australia iliilipa kampuni ya Ufaransa ya Naval Group fidia ya yuro milioni 555.

Mpango wa AUKUS

Nyambizi ya dizeli hulazimika kupanda karibu na uso wa bahari ili kuchaji betri, na hapo ni rahisi kugunduliwa. Ya nyuklia hukaa chini kwa miezi, mpaka chakula kipungue. Kwa nchi yenye safari ndefu za doria, tofauti hiyo ni kubwa.

Machi 2023, huko San Diego, viongozi wa Australia, Uingereza na Marekani walitangaza hatua tatu:

- kuanzia 2027, nyambizi za Marekani na Uingereza kupokezana zamu katika kambi ya Stirling, karibu na Perth;
- mapema miaka ya 2030, Australia kununua nyambizi tatu za Marekani za aina ya Virginia, na ikibidi mbili zaidi;
- mapema miaka ya 2040, kupokea nyambizi za kwanza za aina mpya zitakazoundwa Osborne.

Gharama ilikadiriwa kuwa kati ya dola bilioni 268 na 368 za Australia hadi katikati ya miaka ya 2050.

Changamoto

Collins huhitaji mabaharia wasiofika 60. Virginia huhitaji zaidi ya 130. Viwanda vya Marekani navyo vimekuwa vikikamilisha Virginia chini ya mbili kwa mwaka, ilhali jeshi lao lenyewe linazisubiri. Aidha, kwa kuwa Australia haina silaha za nyuklia, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linapaswa kuridhika na ulinzi wa fueli ya vinu vya nyuklia vya nyambizi hizo.

Mipango mitatu ndani ya miaka 15 inaonyesha wazi kwamba kutaja idadi ya nyambizi ndiyo kazi nyepesi. Wahandisi, mafundi wa kuchomelea na mabaharia huchukua miaka mingi kuandaliwa, na serikali inayobadili uamuzi kila mara huwapoteza kabla nyambizi haijaundwa.