Paratuberkulosi: Istilahi na Maana Yake

Paratuberkulosi ni ugonjwa sugu wa utumbo unaowapata ng'ombe, kondoo, mbuzi na wanyama wengine wanaocheua, nao husababishwa na bakteria ambaye ni jamaa wa karibu wa yule wa kifua kikuu. Huitwa pia ugonjwa wa Johne, kwa jina la Heinrich Albert Johne aliyeueleza mwaka 1895 mjini Dresden, Ujerumani, akishirikiana na Langdon Frothingham, wakidhani wameona kifua kikuu cha namna isiyo ya kawaida. Bernhard Bang wa Denmark ndiye aliyebainisha mwaka 1906 kuwa ni ugonjwa wa peke yake.

Kiambishi "para", chenye asili ya Kigiriki, humaanisha "kando ya". Tafsiri "kifua kikuu cha utumbo" haifai hata kidogo, kwa kuwa jina hilo ni la kifua kikuu halisi kilichoingia tumboni mwa binadamu, na kulitumia zizini ni kumtia mfugaji hofu isiyo mahali pake. Neno lililotoholewa, likifuatwa na maelezo mafupi, ndilo salama zaidi.

Ndama huambukizwa angali mchanga, anaponyonya chuchu zilizochafuliwa na kinyesi au kwa njia ya dang'a na maziwa, lakini dalili hukawia miaka 2 hadi 5 au zaidi, na katika muda huo mnyama aonekanaye mzima huweza kueneza vimelea malishoni. Hatimaye ng'ombe huharisha mfululizo, hukonda ingawa anakula vizuri, na pengine huvimba chini ya taya kwa sababu protini za damu hupotelea utumboni. Akipasuliwa, ukuta wa utumbo mwembamba hukutwa umenenepa na kujaa mikunjo. Tiba ya kumponya haipo.

Kwa binadamu, swali ni kama bakteria huyu huchangia ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo ulioelezwa New York mwaka 1932, ingawa Thomas Kennedy Dalziel, daktari mpasuaji wa Glasgow, alikwisha kuufananisha na ule wa mifugo mwaka 1913. Bakteria huyo amepatikana kwa baadhi ya wagonjwa, lakini kukutwa naye si uthibitisho kwamba ndiye chanzo, kwani utumbo uliokwisha kudhurika huweza kumpokea kwa urahisi. Hata hivyo, kuchemsha maziwa kunabaki kuwa tahadhari ya busara. Chanjo ya mifugo ipo, nayo hupunguza dalili bila kuzuia maambukizi kabisa, tena huweza kuvuruga kipimo cha ngozi cha kifua kikuu cha ng'ombe, ndiyo maana nchi nyingi huitumia kwa uangalifu mkubwa.