Nasaba ya Kitwitwi wa Cox

Hapana amali iwafunzayo wachunguzi wa ndege unyenyekevu kama kumtambua kitwitwi chotara. Tangu miaka ya 1950, katika vinamasi vya pwani ya Australia, wenye macho makali walimwona kwa nadra kitwitwi aliyewashangaza: mdomo wake mrefu, uliopinda kidogo kuelekea nchani, ulikuwa kama wa yule kitwitwi wa Siberia ambaye pia huzuru fukwe zetu za Afrika Mashariki kila mwaka, ilhali kifua chake kilijaa michirizi ya kahawia kama cha jamaa yake mwingine. Mwaka 1982 Shane Parker, wa Makumbusho ya Australia Kusini, alimtangaza kuwa aina mpya, akampa jina la mchunguzi wa ndege John Cox. Lakini nasaba haifichiki milele. Mwaka 1996 uchunguzi wa chembe za urithi ulibainisha kwamba ndege huyo ni chotara, mamaye ni yule wa mdomo uliopinda, na babaye ni yule wa michirizi. Hilo si aibu kwa Parker, bali ni wasia kwetu sote: manyoya ni dhahiri, asili ni batini.