Njeo Iliyozaliwa na Neno la Kumiliki

Mwanafunzi wa Kifaransa afikapo kwenye njeo iitwayo plus-que-parfait hupewa kazi inayoonekana kuwa nyepesi. Hukitwaa kitenzi kisaidizi avoir, ambacho maana yake ya asili ni "kuwa na", akakiweka katika wakati uliopita usiotimia, kisha akakifuatishia umbo la kutendwa la kitenzi kikuu. Kwa chanter, yaani kuimba, atasema: j'avais chanté, tu avais chanté, il avait chanté, nous avions chanté, vous aviez chanté, ils avaient chanté. Mswahili haoni ajabu kubwa hapo, kwani naye husema "nilikuwa nimeimba": vitenzi viwili vilivyoshikana ili tendo moja lisimame nyuma ya jingine ambalo nalo limekwisha kupita. Ajabu imo katika nasaba ya umbo hilo. Jina lake limerithiwa kutoka Kilatini, lakini mwili wake si wa urithi.

Jina ni la wanasarufi wa kale. Wagiriki waliita njeo hii hypersyntelikos, Warumi wakaifasiri kuwa plusquamperfectum, yaani "zaidi ya kilichotimia", na sarufi ya Priscianus, aliyefundisha Kilatini mjini Constantinople mwanzoni mwa karne ya 6, ikaibeba istilahi hiyo hadi kwenye madarasa ya Ulaya ya zama za kati. Lakini njeo aliyoieleza Priscianus ilikuwa neno moja tu: cantaveram, "nilikuwa nimeimba". Wareno, ambao pwani ya Afrika Mashariki yawafahamu vyema, wamelihifadhi umbo hilo katika maandishi yao hadi leo, nao huandika cantara kwa maana ileile. Katika Kifaransa lilikufa.

Kifo chake kina ushahidi. Mnamo mwaka 1837, katika maktaba ya Valenciennes, mtaalamu wa Kijerumani Hoffmann von Fallersleben aligundua shairi fupi la Mtakatifu Eulalia, lililoandikwa kiasi cha mwaka 880, ambalo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kifaransa. Ndani yake mna vitenzi vichache, kama vile auret na furet, vilivyoshuka moja kwa moja kutoka kwenye njeo ile ya Kirumi. Lakini aghalabu havielezi tena tendo lililotangulia tendo jingine. Vyaeleza wakati uliopita tu, bila ya zaidi. Umbo lilikuwapo bado, maana imekwisha kuondoka. Baada ya hapo hata umbo lenyewe likatoweka.

Pengo hilo lilizibwa na lugha ya mali. Tangu zamani Warumi waliweza kusema kwamba mtu ana barua zilizoandikwa, au ana fedha zilizowekwa mahali. Cicero, katika hotuba yake ya mwaka 66 K.K. ya kutaka Pompeius apewe uongozi wa vita, aliwazungumzia hivyo raia waliokuwa na fedha nyingi zilizowekwa katika jimbo la Asia. Hapo "kuwa na" ni kumiliki hasa. Lakini aliye na barua zilizoandikwa yumkini ndiye aliyeziandika, na kidogo kidogo, kwa karne kadhaa, masikio ya watu yakaacha kusikia umiliki yakasikia utendaji. Mwenye mali akawa mtenda, na kitenzi cha kumiliki kikawa alama ya wakati. Kiswahili nacho kilipita njia iliyo jirani: kiambishi -me- chatokana na kitenzi cha kale cha kumaliza, na umbo -mele- la tungo kongwe za kaskazini ni athari ya safari hiyo.

Deni moja lilibaki. Ikiwa barua ndizo zilizoandikwa, basi neno "zilizoandikwa" lazima lifuate jinsia na idadi ya barua, kama kivumishi. Katika Kifaransa cha kale waandishi waliufuata upatanisho huu au wakauacha, kila mmoja kwa mazoea yake. Aliyeutilia mkazo alikuwa mshairi, Clément Marot, mtumishi wa mfalme François wa Kwanza, aliyepata kukimbilia uhamishoni Ferrara. Katika shairi la kuwaasa wanafunzi wake, la mwaka 1538, alishauri kwamba yambwa ikitangulia, umbo la kutendwa liifuate. Na mfano wake ulikuwa Kitaliano. Mwaka 1647 Vaugelas akalijadili jambo hilo katika Remarques zake, na wanasarufi waliofuata wakalikaza. Hivyo huandikwa il avait chanté les chansons bila ya nyongeza, lakini les chansons qu'il avait chantées kwa e na s.

Na kwa kitenzi cha kawaida kama chanter, tofauti hiyo haisikiki hata kidogo. Chanté, chantée, chantés na chantées hutamkwa sawasawa. Ni kanuni ya jicho, na kwa sababu hiyo ilifaa mno kuwa mizani ya kumpimia mtoto. Katika karne ya 19, sarufi ya Noël na Chapsal ya mwaka 1823 na imla za shuleni ziliigeuza kuwa kipimo cha aliyesoma na asiyesoma, na shule za kikoloni zikaisafirisha hadi Komoro na Bukini.

Serikali ya Ufaransa ilijaribu kuilegeza. Amri ya Julai 1900 iliruhusu umbo la kutendwa lenye avoir liachwe bila ya upatanisho. Académie française ikapinga, na amri ya Februari 1901 ikaupunguza sana uhuru huo. Mwaka 2018 Wabelgiji wawili waliowahi kuwa walimu, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walilifufua pendekezo hilo katika gazeti la Libération, na mabishano yakawaka upya. Katika vitabu vya shule, nyimbo zikitangulia bado huandikiwa e na s zao.