Mapango ya Kyiv na Makaburi ya Watakatifu



Wapendwa Wakristu, katika vijiji vyetu mtu akionekana makaburini usiku na jembe mkononi, hasemwi vizuri. Watu humwita mchawi, na wazazi huwakataza watoto wao wasipite karibu na nyumba yake. Kwa hiyo wengi hushangaa wakisikia kwamba katika inchi za mbali Wakristu wenyewe walichimba makaburi ya Watakatifu, na kwamba wataalamu waliipima mifupa yao. Huuliza: Je, si dhambi? Tena, wataalamu wakiona jambo lisilopatana na masimulizi ya wazee, imani yetu itaanguka? Leo tutajibu kwa historia ya mapango ya Kyiv, mji mkubwa wa inchi ya Ukraina, kando ya mto Dnipro.

Watu wa Kyiv walipokea ubatizo mwaka wa 988, wakati wa mtawala wao Volodymyr. Kitabu cha kale cha historia ya inchi ile, katika habari za mwaka wa 1051, chasimulia kwamba padri mmoja, jina lake Ilarion, alichimba pango dogo katika kilima chenye msitu, apate kusali peke yake. Alipofanywa askofu mkuu, pango likabaki tupu. Ndipo akaja Antoni, mmonaki aliyetoka mlima wa Athos katika Ugiriki, akakaa humo. Chakula chake kilikuwa mkate mkavu na maji kidogo, na kazi yake kusali na kuchimba. Wengine wakamfuata, na kati yao Teodosi, ambaye baadaye aliwekwa kuwa abati. Walipokuwa wengi walijenga monasteri juu ya kilima, lakini mapango hawakuyaacha. Walizika humo wafu wao. Na wamonaki wengine walijifungia humo katika vyumba vidogo, wakipokea chakula kwa dirisha nyembamba.

Monasteri ile ni ya Waortodoksa. Walitengana na Roma katika mafarakano yanayohesabiwa tangu mwaka wa 1054. Lakini mwaka wa 1965 Papa Paulo wa VI na Patriarka Athenagoras wa Konstantinopoli waliziondoa laana za siku zile. Wakatolika wa Ukraina wanaofuata liturujia ya Mashariki nao huwaheshimu Antoni na Teodosi. Basi, tunaposema habari zao hatusemi habari za wageni.

Teodosi alikufa mwaka wa 1074, akazikwa pangoni, kama alivyoagiza. Mwaka wa 1091 abati na wamonaki walipatana kuuhamisha mwili wake katika kanisa kubwa. Abati alimtuma mmonaki mmoja, ambaye mapokeo humwita Nestor, akachimbe kwa siri. Yeye mwenyewe aliandika habari hiyo. Alikwenda na wenzake usiku, wakiimba zaburi. Alichimba mpaka akachoka, akampa mwenzake mmoja jembe. Usiku wa manane ulifika wasione kitu, naye akaanza kuhuzunika, akidhani labda wamekosa mahali. Akalishika jembe tena, akachimba kwa nguvu. Mlio wa kuwaita wamonaki kwenye sala uliposikika, ndipo jembe lake lilipofika kwenye mifupa ya Teodosi. Tarehe 14 Agosti wakaihamisha kwa heshima kubwa.

Angalieni jinsi alivyoandika. Hakuficha uchovu wake, wala mashaka yake, wala hofu yake ya kukosa mahali. Mtu mwenye imani hakuogopa kusema kweli yote.

Baadaye watu walitia chumvi. Walisema kwamba mapango yale hupita chini ya mto na kufika miji ya mbali sana. Mwaka wa 1638 mmonaki Kalnofoysky alichapa kitabu chenye ramani ya mapango. Vipimo vya siku zetu vyaonyesha kwamba Mapango ya Karibu yana urefu wa kama mita 380, na Mapango ya Mbali kama mita 290. Yamo makanisa madogo matatu katika kila upande, na makaburi ya watakatifu zaidi ya mia moja. Masimulizi ya njia za chini ya mto yalianguka, lakini sala za wale waliochimba hazikupungua thamani.

Kisha ikaja serikali iliyomkana Mungu. Mwaka wa 1926 iliifanya monasteri kuwa makumbusho, na baada ya miaka michache wamonaki walifukuzwa. Wageni walioingia mapangoni waliambiwa kwamba miili ile haikuoza kwa sababu ya udongo na hewa tu, na kwamba dini ni udanganyifu. Mwaka wa 1941, wakati wa vita, kanisa kubwa lilibomolewa kwa baruti. Wamonaki walirudi siku za vita, wakafukuzwa tena mwaka wa 1961.

Lakini wataalamu walipoendelea na kazi yao, hawakupata silaha ya kuua imani. Walichunguza kuta, wakasoma maandishi ya kale yaliyochorwa humo. Katika miaka ya 1980 madaktari walichunguza mifupa. Eliya wa Murom, ambaye masimulizi husema alikuwa kiwete ujanani na kisha askari hodari, alionekana na ugonjwa wa uti wa mgongo na alama za majeraha. Mifupa haikuthibitisha masimulizi yote. Ilionyesha mtu wa kweli aliyeumia kweli. Mwaka wa 1988, miaka 1000 baada ya ubatizo wa inchi ile, Mapango ya Mbali yalirudishwa kwa wamonaki, na sala ikasikika tena chini ya ardhi.

Basi, ndugu zangu, tupime moyo wa mchimbaji. Mchawi huchimba apate kudhuru. Mwenye dharau huchimba apate kucheka. Nestor alichimba apate kuheshimu, na mtaalamu mnyofu huchimba apate kujua. Wawili hawa wa mwisho hawatendi dhambi. Mose naye aliichukua mifupa ya Yosefu alipotoka Misri. Na kama udongo mkavu uliukausha mwili wa mmonaki, nani aliyeuumba udongo? Utakatifu wa Teodosi haukuwa katika ngozi yake, bali katika mapendo yake kwa Mungu na kwa maskini. Kwa hiyo tusiitumie mifupa ya Watakatifu kama dawa ya mganga. Twaiheshimu kwa kuwa Mungu ataifufua.

Ulizo: Je, Mkristu aogope wataalamu wanaochimba kaburi la Mtakatifu?
Jibu: Hapana. Ukweli wote watoka kwa Mungu, na ukweli mmoja haupigani na mwingine.

Ulizo: Kwa nini twaheshimu mifupa ya Watakatifu?
Jibu: Kwa sababu miili yao ilikuwa hekalu la Roho Mtakatifu, nayo itafufuka siku ya mwisho.

Ulizo: Je, imani yetu inasimama juu ya mifupa yao?
Jibu: Hapana. Inasimama juu ya Yezu Kristu, ambaye kaburi lake lilikutwa tupu.