Maua ni ya nani?

Baada ya kile kipindi chetu cha khanga, wengi mmeniuliza swali moja: mtu akichukua nakshi za khanga, akazichapa kwenye magauni na kuyauza ghali hapa London, sheria inasemaje? Kazi yangu ni sheria za biashara, kwa hiyo nililitegemea swali hili. Ila jibu linaanzia mbali kidogo, kwenye vitambaa vya Waingereza wenyewe.

Miaka ya 1780 William Kilburn alikuwa mchoraji na mchapaji wa vitambaa vya pamba karibu na London. Maua yake yalikuwa mazuri kweli; albamu ya michoro yake ipo hadi leo kwenye makumbusho ya V&A. Shida ni kwamba akitoa nakshi mpya tu, wachapaji wengine wanaiiga na kuiuza kwa bei ya chini. Yeye na wenzake wakalalamika Bungeni, na 1787 ikapita sheria ya kwanza Uingereza ya kulinda nakshi za vitambaa. Ulinzi wenyewe? Miezi 2. Ndiyo, miwili tu! Mwaka 1794 ikawa 3. Na kulikuwa na sharti: jina la mchapaji au mwenye mali lichapwe kwenye kila ncha ya jora.

Jina kwenye kitambaa. Si tunalijua hili jambo? Kule Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Abdulla, alianza biashara 1887, na khanga zake zikatambulika kwa maandishi "K.H.E. Mali ya Abdulla". Mpaka leo kuna mama zetu ambao hawafungui pochi kabla hawajayaona.

Waingereza hawakuishia kwenye jina. Kuanzia 1839 wakaanzisha daftari la serikali la dizaini, na sheria ya 1842 ikatoa ulinzi wa miezi 9 hadi miaka 3, kutegemea aina ya bidhaa. Mwenye dizaini alipeleka mchoro au kipande cha kitambaa, kikabandikwa kitabuni. Vitabu hivyo viko Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa, vikiwa na karibu dizaini milioni 3.

Lakini angalieni nani hasa alinufaika: yule aliyejua mlango wa ofisi ulipo. Chukueni ile nakshi ya korosho iliyojaa kwenye khanga zetu. Asili yake ni Uajemi na Kashmir. Wafumaji wa Uskoti wakaiga shali za Kashmir kwa wingi mno, hadi dunia nzima ikaiita nakshi hiyo kwa jina la mji wao, Paisley. Mwigaji ndiye aliyebaki na jina.

Basi, jibu lenu. Leo hapa Uingereza dizaini iliyosajiliwa inalindwa hadi miaka 25, ukilipia upya kila baada ya miaka 5. Ila lazima iwe mpya. Korosho na maua ya bibi zetu yameshaonekana na kila mtu, kwa hiyo hakuna anayeweza kuyasajili kama yake, si sisi wala mwenye duka la magauni. Binamu yako anayechora khanga mpya leo ni habari nyingine. Tangu siku aliyoionyesha hadharani ana miezi 12 ya kuisajili hapa. Ikipita hiyo, nafasi ya kusajili imekwenda.

Majina nayo yana vita vyake. Kampuni moja ya hapa iliwahi kuomba isajiliwe neno "kikoy" kama alama yake ya biashara. Wakenya wakapinga, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft na mawakili wa huku huku, na 2008 ombi likafa. Pingamizi lina muda wake, na lazima mtu awe anafuatilia matangazo ya maombi. Sisi tunaoishi huku, tunaosoma Kiingereza cha mawakili na bado tunajua kikoi ni nini, ndio tulio karibu na hilo daftari. Tulichungulie.