Sanduku la Muziki na Kabati la Baba

Watu wengi wakitaja jukiboksi hukumbuka taa za rangi na wimbo uliopendwa zamani. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya seremala, kwa hiyo hukumbuka mbao.

Tarehe 23 Novemba 1889, mjini San Francisco, Louis Glass aliweka mashine ya sauti ya Edison, ndani ya kabati la mwaloni, katika baa iliyoitwa Palais Royale. Mashine haikuwa na nguvu ya kusikika ukumbini. Ilikuwa na mirija minne ya kutia sikioni, na kila msikilizaji alitumbukiza senti tano zake. Umeme wa kukuza sauti ulikuja katika miaka ya 1920, na hapo sanduku likaanza kujipamba.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha wakati wa vita. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilisimamisha utengenezaji wa jukiboksi, maana viwanda vilitakiwa kwa kazi za vita. Kampuni ya Wurlitzer ikatoa kabati lililoitwa Victory, la mbao na vioo, ili mitambo ya mashine kuukuu ihamishiwe humo. Sifa zote zimeiendea 1015 ya mwaka 1946, aliyoibuni Paul Fuller, yenye mirija ya mapovu, ambayo ziliuzwa zaidi ya 56,000. Mimi naona seremala wa Victory amedhulumiwa.

Kisa hicho ndicho kilichonitia wazo. Marehemu baba alituachia gramafoni ya umeme. Boksi lake lililiwa na mchwa, mtambo ukabaki mzima. Mbao nilizokuwa nazo ni za kabati lake la nguo, mkangazi mtupu. Mama aliponiona na msumeno akauliza, "Mwanangu, hata kabati la baba yako?" Nikauweka chini wiki tatu. Siku moja akasema mwenyewe: "Kata. Mlango usiuguse."

Nikakata, nikapiga randa, nikachonga viungo kwa patasi na kuvitia gundi. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilifunga spika na mtambo wa santuri kwenye ubao mmoja. Mtikisiko wa besi ukarudi kwenye sindano, sanduku likavuma kama mzinga wa nyuki. Ikanibidi kufumua. Spika nikaipa chumba chake, mtambo nikaulaza juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli, na mgongoni nikatoboa matundu ya kutolea joto.

Kuchagua santuri lenyewe haliwezi. Mjukuu wa Mama hupokea shilingi ya mgeni na kuweka santuri kwa mkono, na chenji harudishi.

Mlango wa mbele ni ule ule, na bawaba zake, na mikwaruzo ya funguo za baba. Masika huvimba na kugoma kufunguka. Randa ninayo, lakini tunangoja jua.